Libaya la Mshazari

Bruxelles, tarehe 9, mwezi wa pili 1974

Baba mdogo mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye mashini yako, mgongo umetulia, na Jeanne amepona kile kikohozi cha Noeli. Mimi ni mzima. Baridi imenipasua midomo, lakini mikono ninailinda kwa mafuta, maana ndiyo inayonilisha. Nisalimie Mama Halima. Bado anauza mawese mbele ya kibanda chetu? Bado anakusumbua kwamba ninyi watu wa Lubero mnakunja hata kivuli mkakiweke sandukuni?

Sasa nije kwenye neno lililonikalisha. Madame Élisabeth, mwenye ateliye hii ya kushona, amenitoa kwenye meza ya kupinda pindo na kuniweka kwenye meza ya kukata. Nimeingoja meza hiyo miaka mitano. Anatayarisha nguo za kike za machipuko ya mwaka ujao, nguo ishirini na mbili. Utacheka: nguo za jua zinaonyeshwa mwezi wa kumi, majani yanapoanguka, ili wenye maduka wawe na muda wa kuagiza. Madame anataka kila nguo ishuke mwilini kama maji, kwa hiyo nyingi tunazikata mshazari. Wewe unajua maana yake, hata kama Kindu hakuna anayethubutu kupoteza kitambaa hivyo: unakilaza pembe kwa pembe badala ya kufuata uzi, na kile kilichokuwa kigumu kinakuwa laini kama ngozi.

Kuanzia mwezi wa tisa atahitaji mkono mmoja zaidi. Nimemtajia Kyakimwa. Akasema, "Mdogo wako anajua kazi, au ni mdogo wako tu?" Nikasema anajua kuliko mimi. Basi kwenye kifurushi hiki nimeweka patroni, karatasi ya kukatia, ya blauzi namba kumi na nne. Kyakimwa aishone kwa kitambaa chochote kizuri atakachopata, aivae, apigwe picha mbele na nyuma, mnitumie. Madame akiridhika ataandika karatasi ya kazi, nanyi mtaanza mambo ya pasipoti.

Nataka atoke huko, Baba mdogo. Tangu mumewe aende kwenye machimbo ya Kama kutafuta dhahabu na kunyamaza, amebaki na mtoto wao Jeanne na sindano. Ana miaka ishirini na mmoja. Jeanne atakaa nawe kwanza, kisha tutaona.

Mwana wako anayekuheshimu,
Mbambu

*

Kindu, tarehe 28, mwezi wa tatu 1974

Mwanangu Mbambu,

Salamu zako zimefika, na kifurushi pia, kimefunguliwa na kufungwa tena kwa kamba isiyo yako, lakini hakuna kilichopungua. Jeanne amepona. Mgongo wangu hauponi wala hauzidi. Mvua ya mwezi huu imekula ukingo wa mto chini ya soko, na wanaotoka Lokandu na samaki wanateremkia mbali zaidi. Mwaka huu nimetimiza miaka ishirini na tano tangu niache Lubero. Nikiulizwa kwetu bado nasema Lubero, ingawa walionijua huko wamekwisha, isipokuwa mmoja ambaye hasikii tena.

Mama Halima yupo, na anasema ulimi wake haujazeeka.

Kyakimwa alipokunjua patroni yako mezani aliniuliza, "Baba, hii njo mukono ao ni sikio ya tembo?" Nikamwambia ageuze karatasi. Akaigeuza mara tatu. Alipoelewa alipiga kofi moja, akaanza kucheka peke yake, kama mtu aliyeona mlango kwenye ukuta. Mama Halima akaingiza kichwa: "Weye Kyakimwa, hiyo nguo ya wazungu iko na kiuno wapi?" Akajibiwa, "Kiuno ni yangu, Mama, nguo inaifuata tu." Nimezisikia kelele zao mpaka adhuhuri.

Shida ni kitambaa. Duka la yule Mgiriki karibu na bandari serikali ililichukua mwaka jana ikampa sitwayeni mmoja, mwananchi wa hapa; aliuza kilichokuwemo kwa wiki tatu, sasa mlango una kufuli na mbuzi wanalala barazani. Maduka mengine ni vivyo hivyo. Kitambaa kizuri kinachopatikana sasa ni kimoja tu, vitenge vya chama, vikwembe vile vyenye sura ya Mkubwa wa nchi, ambavyo akina mama wa kikundi cha ngoma wamegawiwa kwa ajili ya sikukuu ya chama, tarehe 20 ya mwezi wa tano. Ni pamba nzuri, lazima niseme. Rangi yake haitoki. Kyakimwa ameombwa awashonee wote ishirini na wanne, naye mwenyewe yumo kikundini, kwa hiyo ana kikwembe chake. Anasema hicho ndicho atakachokikatia patroni yako, apigwe picha kabla ya sikukuu.

Nimemwambia afikirie. Amesema amekwisha kufikiri.

Anaimba akishona. Hajaimba tangu mumewe aondoke. Kwa hiyo sikusema zaidi.

Baba yako mdogo,
Sikuli

*

Bruxelles, tarehe 2, mwezi wa sita 1974

Baba mdogo,

Mko wazima? Sikukuu imepita, nadhani akina mama wamecheza mpaka miguu ikavimba. Natumaini Jeanne alipewa biskuti. Mimi nilikuwa na homa siku nne, sasa nimepona.

Nangoja picha. Kila asubuhi nampita mpeleka barua nikiwa na aibu, maana amekwisha kunizoea. Madame naye ameuliza mara mbili. Blauzi namba kumi na nne imempendeza kuliko zote. Ameitengenezea sketi yake, na itafungua maonyesho, tarehe 8 ya mwezi wa kumi. Kyakimwa akiishona vizuri, basi atakuwa ameshona nguo ya kwanza itakayotokea. Mwambie hivyo, apate kiburi kidogo.

Kama mpiga picha hana filamu, msingoje. Nimemsihi Madame, naye amekubali kuandika karatasi ya kazi kabla ya kuiona picha. Anachotaka sasa ni vipimo vya Kyakimwa, ili wamshonee koti jeupe la kazi, na mimi nimshonee nguo ya siku ya maonyesho. Mpime vizuri: mabega, kifua, kiuno, nyonga, mkono. Na jambo la pasipoti limefika wapi?

Nakusihi usichelewe. Na yeye mwenyewe aniandikie mistari miwili, mvivu huyo.

Mwana wako,
Mbambu

*

Kindu, tarehe 21, mwezi wa saba 1974

Mwanangu Mbambu,

Barua yako ilinifikia, nami nashukuru kwamba homa imekuacha. Sisi huku tunaendelea. Kiangazi kimekuwa kikali, mto umeshuka mpaka mawe yanaonekana, na vumbi la barabara ya Kalima linaingia hata ndani ya mashini. Nimeifungua na kuisafisha mara mbili wiki hii. Jeanne anakua. Amejifunza kuhesabu mpaka kumi na mbili, kisha anaruka mpaka ishirini. Kanisani wamebadilisha bati upande wa kushoto. Mama Halima amesafiri kwenda kwa binti yake huko Kasongo na hajasema atarudi lini.

Sikukuu ilikwenda vizuri.

Picha haikupigwa. Mpiga picha hana filamu, kama ulivyodhani. Jambo la pasipoti linahitaji karatasi kutoka Kinshasa, na Kinshasa ni mbali. Usimsukume sana huyo Madame. Kama ana mtu mwingine, amchukue, nawe usigombane naye.

Kyakimwa hakupata nafasi ya kuandika. Vipimo ni hivi: mabega 38, kifua 84, kiuno 62, nyonga 90, mkono 56.

Nimesoma tena kitabu cha zamani cha mapadri kuhusu safari za mtoni, kile chenye ramani iliyochanika. Nilikuwa nimesahau kwamba wanaandika Nyangwe kabla ya Kindu, kana kwamba Kindu haikuwapo. Jioni zangu zinakwisha hivyo.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Sikuli

*

Bruxelles, tarehe 18, mwezi wa nane 1974

Baba mdogo,

Nisamehe kwamba leo salamu zangu ni fupi. Ninyi nyote nawasalimu, na Jeanne.

Nilichukua vipimo vyako nikaanza kuchora ile nguo. Nilipofika kiunoni kalamu ilisimama. Nikafungua daftari langu, lile nililokuja nalo. Mabega 38, kifua 84, kiuno 62, nyonga 90, mkono 56. Nilimpima mimi mwenyewe mwaka 1969, wiki moja kabla ya kuondoka, nilipomshonea nguo ya kipaimara. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba kama mti wa ufagio.

Tangu hapo amezaa. Amenyonyesha. Kwenye picha ya ubatizo wa Jeanne hata mabega yake yamebadilika. Hakuna mwanamke ambaye mwili wake umekaa hivyo miaka mitano bila kuongeza wala kupunguza sentimita moja. Na wewe hujawahi kutoa kipimo cha daftarini. Wateja wa kila mwezi, hata mke wa msimamizi wa garimoshi aliyekuja kila Jumamosi, uliwapima upya, nao wakakasirika. Ulituambia sisi wawili, tukiwa wadogo chini ya meza: anayekata kwa daftari ni kwa sababu mtu hayupo mbele yake.

Mtu yuko wapi, Baba mdogo?

Kama ni mgonjwa, niambie ugonjwa. Kama amemfuata mumewe, niambie, sitamkasirikia. Kama amekamatwa kwa jambo lolote, hapa wako watu wanaojua kuandika barua kwa wakubwa. Madame ameahidi kumngoja mpaka tarehe 15 ya mwezi wa tisa. Lakini sikuulizi kwa ajili ya Madame.

Mbambu

*

Kindu, tarehe 29, mwezi wa tisa 1974

Mbambu mwanangu,

Barua hii anaibeba Fortunat, yule wa kwetu mwenye lori. Ataipitisha Bukavu na kuitia posta ng'ambo ya mpaka. Ndiyo sababu nimechelewa: nilikuwa nikimngoja. Na ndiyo sababu barua ile nyingine ilikuwa fupi na ya uongo. Leo nitaandika kila kitu mara moja, kwa mpangilio, maana sitaweza kuandika mara ya pili.

Mdogo wako amefariki. Alifariki tarehe 30 ya mwezi wa tano.

Alikata lile libaya, blauzi yako namba kumi na nne, mwishoni mwa mwezi wa nne. Kikwembe kilikuwa na sura ya Mkubwa ndani ya duara, kila duara sawa na sahani. Fundi yeyote wa hapa anajua kanuni ya kitambaa hicho, ingawa haikuandikwa popote: sura inakaa kifuani au mgongoni, imesimama wima, mshono haupiti juu yake, na haikaliwi. Mabaya ishirini na matatu ya wenzake aliyashona hivyo, bila kosa hata moja. La kwake akalikata mshazari. Unajua kinachotokea. Kila sura ililala ubavu. Katikati ya kifua, vipande viwili vilipokutana, sura mbili ziliegemeana paji kwa paji, na mshono ukapita kwenye pua.

Alipolivaa, lilikuwa zuri kuliko nguo yoyote niliyoiona ikitoka katika kibanda changu. Nakuambia kama fundi. Lilishuka mwilini mwake kama ulivyosema, kama maji. Hakuna aliyekuwa akitazama sura. Tulikuwa tukimtazama yeye.

Picha ilipangwa Jumamosi tarehe 18. Ijumaa kulikuwa na mazoezi ya ngoma uwanjani, na wenzake walikuwa wamesikia habari za nguo hiyo, wakamwambia, "Vaa tuione, usitufiche." Akavaa. Walimzunguka na kumgeuza. Mmoja akasema, "Ee, Kyakimwa, kesho unanishonea hivi, ao urafiki wetu imeisha!" Hayo nimeyapata kwa Mama Halima, aliyekuwa kando na beseni lake.

Msimamizi wa ngoma, kijana wa chama anayeitwa Florentin, akaja kuona kwa nini hawachezi. Akatazama muda mrefu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani alilalisha Mukubwa?" Akauliza tena. Kyakimwa akadhani ni mzaha, maana ndivyo alivyokuwa. Akasema, "Alichoka, papa. Mazoezi ni mingi." Wanawake wawili wakacheka. Mama Halima anasema laiti wasingecheka.

Watu wa chama walimchukua akiwa amelivaa.

Nilikwenda kituoni walikomfungia jioni hiyohiyo. Nikasema ni patroni ya nguo, si neno la siasa, nikawaonyesha karatasi. Karatasi ilikuwa na maandishi ya Kifaransa na anwani ya Bruxelles, na badala ya kusaidia iliharibu. Waliniuliza ni nani anayetoa amri huko nje kwamba sura ikatwe. Jina lako sikulitaja. Nilisema niliinunua kwa msafiri. Mambo ya kifurushi walikuwa hawayajui, au walijifanya hawayajui. Hata leo sina hakika, na kwa hiyo usiandike tena kwa posta ya hapa neno lolote la namna hii.

Kila siku nilipeleka chakula mlangoni. Siku kumi na mbili sahani ilirudi tupu, nami nikahesabu kwamba anakula. Siku ya kumi na tatu mlinzi akaniambia nisipike tena. Walisema homa. Niliruhusiwa kumchukua baada ya kutia sahihi kwamba ni homa, nikatia. Niliyoyaona nilipomwosha na kumvika sitayaandika, Mbambu, na usiniulize. Tulimzika asubuhi, watu sita. Matanga tulikatazwa. Mama Halima alilia kwa sauti njiani, akaonywa, kesho yake akaenda Kasongo.

Sasa linalonihusu mimi. Utakaa na barua hii na kusema, ni patroni yangu, ni kifurushi changu. Nakujua. Kwa hiyo soma vizuri hapa. Siku aliyokata, kikwembe kilikuwa kikiteleza mezani, naye hakutaka kutia pini kwenye pamba mpya. Akaniomba nishike pembe. Nilishika. Nimeshona miaka arobaini. Niliona sura zitalala wapi kabla mkasi haujagusa. Kinywa changu kilikuwa wazi niseme. Kisha nikafikiri: kikikatwa wima, libaya halitaanguka vizuri, picha itakuwa mbaya, yule Madame hataridhika, na binti huyu atabaki hapa mpaka azeeke. Nikafikiri pia ni picha moja tu, atalivua jioni. Nikashika pembe imara zaidi.

Sikukuandikia kwa sababu ya mpaka na posta, hilo ni kweli. Lakini hata kama Fortunat angekuja mwezi wa sita, sijui kama ningempa barua hii.

Jeanne anauliza mara chache sasa. Ameanza kuokota vipande chini ya meza na kuviunga kwa vidole. Juzi nilimkuta ameshika mkasi mdogo wa mama yake, ameushika sawasawa, kidole gumba juu. Hakuna aliyemfundisha. Nimeuweka juu ya kabati. Niambie wewe: nimrudishie, au nimkataze?

Nimekuandikia kama ilivyokuwa.

Sikuli

*

Bruxelles, tarehe 24, mwezi wa kumi na moja 1974

Baba mdogo,

Nakusalimu. Namsalimu Jeanne. Barua yako ilifika tarehe 26 ya mwezi uliopita, ikiwa na stempu ya nchi nyingine, nami nikajua kabla ya kuifungua. Hii nampa mwanafunzi wa Butembo anayerudi nyumbani. Ataiweka mikononi mwa Fortunat.

Umeniambia nisikuulize ulichokiona, na siulizi. Wewe hukuniuliza kama nakulaumu. Umesema tu ulishika pembe. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine, na kila mara naona mikono yako, siioni ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo siwezi kuweka neno kwenye karatasi kwa sasa.

Maonyesho yalifanyika tarehe 8. Sikuwa na barua yako bado, lakini nilikuwa na vipimo vyako, kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia nikiwa najua na sijui. Blauzi namba kumi na nne ilitoka kwanza. Ilikuwa ya hariri nyeupe, tupu, bila ua wala mstari. Msichana aliyeivaa alitembea mpaka mwisho na kugeuka, nami nikasikia watu wakivuta pumzi. Madame alinishika mkono mpaka ukaniuma. Huku inawezekana kukilaza kitambaa upande wowote upendao, na hakuna anayekuuliza umemlalisha nani.

Wenye maduka wameagiza namba kumi na nne kuliko zote. Arobaini. Madame alitaka kuipa jina kwenye orodha, akaniuliza mji wetu unaitwaje. Nikamwambia iachwe na namba yake. Siku nilipopata barua nilimweleza kwa ufupi. Alikaa chini, akavua miwani, akasema nipumzike wiki mbili, mwingine atakata. Nikakataa. Sikutaka mtu mwingine aishike. Nilifikiri pia kuichoma ile patroni, lakini si yangu, ni ya ateliye. Imepigwa muhuri na kutundikwa ukutani kwa kulabu, na kila asubuhi naiteremsha.

Mpaka jana nimekata kumi na nne. Nakata polepole. Nikifika kwenye mshono wa kifua naweka mkasi chini, nakwenda dirishani, kisha narudi. Wenzangu wamezoea. Wanadhani ni mgongo.

Kuhusu mkasi wa Jeanne. Hapa kwanza niliandika umrudishie, nikafuta. Nikaandika akatazwe mpaka nitakapomwona, nikafuta. Unaona karatasi imechakaa. Sijui, Baba mdogo. Ninachojua ni kwamba kesho saa mbili nina ya kumi na tano mezani, na ni lazima iwe sawa na zile nyingine.

Mbambu